Mbuzi Mmoja, Risiti Saba

Binti yangu anayenichapia haya amenikataza kuandika majina ya watu. Anasema nitashitakiwa. Sawa, majina naacha. Vyeo hakunikataza, kwa hiyo mwenye cheo aliyekosa ajitambue mwenyewe.

Nianze na dereva. Dereva wa basi dogo lililokuwa likitoka Namanga asubuhi ndiye aliyenifikisha maktaba, maana bila yeye nisingekanyaga humo maisha yangu yote. Alitaka kulipita lori kwenye kona huku simu iko sikioni. Tulibiringika mpaka ndani ya shamba la maharage. Wako ambao hawakuamka tena. Mimi niliamka, mguu umevunjika vipande, na tangu siku hiyo natembea kama mtu anayetafuta ngazi ambayo haipo. Mwenye basi alijua breki zimechoka. Askari wa kizuizini naye alijua, akachukua hela ya soda akafungua njia. Halafu akaja bwana wa bima na karatasi, akaniambia niweke dole gumba nilipwe haraka. Niliweka. Karatasi ilisema nimeridhika na sidai tena. Na marehemu baba yangu namtaja vilevile, Mungu amrehemu lakini namtaja: ndiye aliyenitoa shule darasa la tatu nikachunge mbuzi, kaka zangu wakaendelea. Angeniacha hata miaka miwili zaidi, ile karatasi ningeisoma.

Sisi tunakaa upande wa kaskazini wa Meru, ukipita Oldonyo Sambu unapanda kidogo. Huku ni vumbi na upepo. Mvua huishia upande wa pili wa mlima, kwa wenye kahawa na migomba yao. Nilipotoka hospitali nilikuwa nakwenda zahanati kubadilisha bandeji, na njia nzima hakuna pa kukaa ila mawe. Nyuma ya zahanati kulikuwa na chumba kimoja, mlango wa bluu, ndani naona viti. Nikaingia.

Mkutubi alikuwa msichana wa hukuhuku kwetu, amesomea kazi hiyo mjini. Akasimama.

"Shikamoo yeyo. Unatafuta kitabu gani?"

"Marahaba. Natafuta kiti."

"Kiti ni bure. Na kitabu ukisomea humuhumu ni bure, ada ni ya kuondoka nacho."

"Basi nipe kiti, kitabu tutaonana naye siku nyingine."

Yeyo maana yake mama, kwa Kimaa. Yule msichana aliniita hivyo kila siku, na kila siku akaniwekea kitabu mbele bila kusema kitu. Cha kwanza kilikuwa cha magonjwa ya kuku, kina picha. Nikawa naangalia picha. Halafu nikataka kujua yule kuku aliyelala shingo upande amekufa kwa nini. Herufi nilizijua, ila nilikuwa nimeziacha muda mrefu kama ndugu mliogombana. Tulipatana polepole. Mpaka leo nasoma taratibu, kidole kiko kwenye mstari, lakini nasoma.

Baadaye wakaniingiza kwenye kamati ya maktaba. Alitakiwa mwanamke, alitakiwa mlemavu, alitakiwa msomaji wa kawaida. Wakaniangalia wakaona wamepata watu watatu kwa kiti kimoja na soda moja.

Huko ndiko nilikojua hela ya maktaba inatoka wapi. Mimi nilidhani kuna sanduku moja mjini, mtu anafungua anachota. Sivyo. Serikali inalipa mishahara ya waajiriwa walioko ofisini. Halmashauri inatoa ikikusanya, na inakusanya kwenye minada ya ng'ombe na malori ya mchanga, kwa hiyo mwaka wa ukame ng'ombe wakikonda na maktaba inakonda. Wanachama wanalipa ada, kidogo, ya kununulia wino na ufagio. Halafu wako wafadhili wa nje. Na kila hela ina njia yake, haikanyagi njia ya mwenzake. Hizo njia zinaitwa mafungu. Fungu la vitabu haliwezi kununua balbu. Fungu la majengo haliwezi kumlipa mkutubi posho.

Balbu yetu iliungua. Jioni tukawa tunakaa gizani. Na katika giza hilohilo tukaitwa mjini, tukatumiwa na gari, kwenye semina ya kutwa nzima kuhusu huduma bora, tukala wali na kuku hotelini, tukapewa begi na kalamu, kwa sababu fungu la semina lilikuwa na hela. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kuku wangu anaweza kubadilishwa na balbu. Mwezeshaji akasema ni hoja nzuri sana, akaiandika kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Balbu alikuja kuinunua Mangi, mwenye duka letu. Ni mtu wa Kilimanjaro, na wenye maduka wa huko wote tunawaita hivyo. Yeye sidhani kama anakumbuka aliwahi kuwa na jina lingine.

Halafu kuna vitabu vya bure. Mfadhili mmoja alituletea maboksi kwa maboksi, na ile bure nusura ituue. Bandarini kulilipwa, ghala likalipwa, lori la kuvipandisha kutoka Dar likalipwa, yote kwa hela iliyokuwa ya kukarabati paa letu. Tukafungua boksi la kwanza: namna ya kuendesha gari kwenye theluji. La pili: namna ya kumfundisha mbwa akae kwenye kochi. Mkutubi alivipanga vizuri kabisa, kwenye rafu iliyo chini ya pale paa linapovuja. Mfadhili namwandika kati ya wakosaji. Aliyesaini kuvipokea namwandika juu yake.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda, mpaka alipokuja mhasibu wa wakala wa maktaba, ile ofisi ya serikali inayosimamia maktaba zote.

Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwa vumbi letu! Alikaa na kamati akasema vyumba vidogo kama chetu vinakula hela kuliko vinavyoingiza, kwa hiyo umepitishwa utaratibu mpya. Wananchi wachange nusu ya gharama za mwaka, wakala utaongeza nusu nyingine. Mchango ukikosekana kabla serikali haijafunga hesabu mwezi wa sita, mkutubi anaondolewa na mlango unafungwa.

"Na vitabu?" mkutubi akauliza.

"Vitarudi mjini."

"Hata vya theluji?"

"Hata hivyo. Ni mali ya umma."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Maktaba nyingine iko Arusha mjini, na kwenda huko ni kupanda basi, na basi mimi napanda siku nikiwa naumwa tu. Mlango ule wa bluu ukifungwa, mimi nimerudi kwenye dole gumba. Nilimwambia mhasibu hivyohivyo, nikamwonyesha na dole lenyewe. Akasema, "Pole, mama yangu, si mimi niliyepanga." Nyote huwa mnasema hivyo, nikamjibu.

Mangi ndiye aliyesema, "Tupige mnada."

Kwetu Walutheri ibada ikiisha hatukimbilii nyumbani. Tunatoka nje, na sadaka za vitu zinanadiwa: mayai, maziwa, mkungu wa ndizi, jogoo. Ukinunua unaweza kuondoka nacho. Lakini mtu akitaka kumpa Mungu zaidi, analipa halafu anasema "narudisha", na kitu kinauzwa tena. Nimewahi kuona yai moja likijenga choo cha kanisa. Mchungaji akakubali Jumapili moja iwe ya maktaba, Wakatoliki nao wakaalikwa waje wakitoka misa, na mhasibu akaombwa ahudhurie ili asije akasema baadaye kwamba hela hakuiona.

Mimi nilitoa mbuzi. Jike mweupe, mkorofi, amekwisha kula kanga zangu mbili. Nilimtoa kwa moyo wote.

Aliyenadi ni mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha tatu. Mhasibu alikaa kwenye kiti cha plastiki na kompyuta yake mapajani, kwa sababu siku hizi hela ya serikali haishikwi mkononi. Lazima mfumo utoe kontrol namba, mtu alipe kwa simu, ndipo risiti itoke. Mtandao kwetu unapatikana karibu na kengele, kwa hiyo walimweka chini ya kengele.

"Mbuzi huyu amesoma!" mzee akaanza. "Kafungwa nyuma ya maktaba tangu jana, kila kitu kasikia. Nani anaanza?"

"Hamsini!" akasema Mangi.

"Mangi, hamsini ni ya mbuzi au ya kwato?"

"Sabini basi, uninyamazie."

Hakuna aliyeongeza. Mangi akaenda kwa mhasibu, akapewa namba, akalipa, akachukua risiti. Halafu akaishika kamba ya mbuzi, akaiinua juu. "Namrudisha!"

Vigelegele. Kwaya ikaingia na pambio. Mhasibu akanivuta shuka.

"Mama yangu, kwani ana kasoro?"

"Nani, Mangi?"

"Mbuzi! Mbona amemrudisha?"

"Ili auzwe tena."

"Na hela yake?"

"Inabaki."

"Anauzwa tena, na hela ya kwanza inabaki?" Akakuna kichwa. "Kwetu Tanga hiyo ina jina lake, na si zuri."

Basi yule mbuzi akauzwa. Kina mama wa kwaya walichangishana wakamnunua, wakamrudisha. Wakatoliki hawakutaka kushindwa kwenye kiwanja chetu, wakamnunua kwa bei ya ndama, wakamrudisha. Walimu wa shule ya msingi, wenye pampu za maji, morani mmoja aliyekuwa anapita tu na hakujua tunachangia nini. Kila mmoja akapewa namba na risiti yake. Mara ya saba walikuwa vijana wa bodaboda, nao wakarudisha, na mzee wa kanisa alipoona koo linakauka akapiga makofi: "Amina! Tumefika!"

Kweli tulikuwa tumefika, na tukapita. Nusu yetu ilitimia pale pale kanisani. Nilikwenda nyumbani nikiimba, mimi ambaye siimbi. Mbuzi hakuna aliyemchukua. Alibaki amefungwa kwenye nguzo ya maktaba, akila magugu, na kwa siku kadhaa watoto wengi waliingia maktaba kwa sababu walikuja kumwangalia yeye kwanza.

Siku zikapita. Nusu ya wakala haiji. Mwezi wa sita ukaanza, ukafika katikati. Ndipo mhasibu akapanda tena kwetu, safari hii kavaa viatu vyeusi.

"Kuna tatizo," akasema. "Mfumo unaonyesha tumeuza mbuzi saba."

Mangi akaanza kuhesabu kwa vidole. Mhasibu akaendelea:

"Kila mara mfumo uliniuliza malipo ni ya nini, nikajaza: mauzo ya mbuzi. Sasa meneja wangu kule mjini anauliza, wakala wa maktaba ulipata wapi mbuzi saba? Walinunuliwa kwa fungu gani? Nani alitoa kibali cha kuuza mali ya umma? Na huyu aliyefungwa hapo nje ni wa nane au vipi?"

"Si umwambie ni mmoja!" nikasema. "Ulikuwepo! Ulikaa chini ya kengele ukaona kwa macho yako!"

"Nimemwambia. Anasema risiti saba ni mbuzi saba, hasaini mpaka awaone. Na hesabu zikifungwa bila saini yake, nusu yenu inakaa huko bila mwenzake na chumba kinafungwa."

Hapo nilimsema. Nilimwambia yeye ndiye bwana wa bima wa pili katika maisha yangu, kalamu safi na roho mbaya. Nilimsema mpaka mkutubi akanishika mkono. Kijana wa watu aliangalia viatu vyake. Mangi ndiye aliyenikatiza.

"Yeyo, ngoja. Meneja anataka kuona mbuzi saba?"

"Ndiyo," akasema mhasibu.

"Hapa Meru kaskazini? Mbuzi? Si angesema mapema."

Kesho yake alfajiri kenta ya Mangi, lori lake dogo, ilikuwa imejaa. Yule mweupe mbele, nyuma yake wengine sita, wanne kati yao wangu, kwa sababu mimi kwenye kujitolea huwa nasahaulika kuulizwa. Nilikaa mbele na Mangi, nimefumba macho kila kona. Mzee wa kanisa alisimama nyuma na mifugo. Tulipofika Sakina foleni ilikuwa imesimama, na mafundi wa gereji za pale wakaanza utani.

"Mzee, mnahamia mjini na familia?"

"Tunapeleka wanachama wa maktaba!" mzee akajibu. "Wewe umelipa ada yako?"

Ofisi iko upande wa Sekei, nyumba ya zamani yenye ua mzuri. Mlinzi akatuzuia getini.

"Mna miadi?"

"Sisi hatuna," Mangi akasema. "Mbuzi ndio walioitwa."

Mlinzi alipokuwa anafikiria hilo, Mangi alishusha mlango wa nyuma. Mimi nimechunga tangu utotoni, kwa hiyo nilijua kitakachotokea, na sikusema kitu. Bustani ile ilikuwa kijani kibichi, imemwagiliwa asubuhi hiyohiyo. Baadaye niliambiwa ilipandwa kwa fungu la mazingira. Mbuzi wetu hawajaona kijani kile tangu masika, na masika yenyewe yalikuwa mabaya.

Meneja akatoka. Mama wa makamo kama mimi, kitenge kizuri, miwani. Mhasibu nyuma yake, rangi imemtoka.

"Hawa ndio wale mbuzi saba?"

Mzee wa kanisa akavua kofia. "Hapana, mama. Aliyeuzwa ni huyu mweupe peke yake. Hawa sita wamemsindikiza, ili ofisi ione mbuzi mmoja anafananaje na mbuzi saba wanafananaje."

Meneja akaangalia bustani yake. Tofauti ilikuwa inaonekana.

"Huyu mmoja akauzwa mara saba?"

"Mara saba."

"Na hakuna aliyemchukua?"

"Ukimchukua umenunua mbuzi," nikamwambia. "Sisi hatukuwa tunanunua mbuzi. Tulikuwa tunachangia."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumwandika. Nafasi yake ilikuwa tayari, kati ya askari wa kizuizini na mfadhili. Halafu akavua miwani.

"Hivi huu ulikuwa mnada wa kanisani?"

"Mnada, ndiyo!"

"Wa kurudisha?"

"Wa kurudisha!"

"Jamani!" Akajipiga paja. "Mimi ni mtu wa Machame. Nimerudisha ndizi mnadani tangu nikiwa na meno ya utoto. Karatasi niliyoletewa ilisema mauzo. Wewe kijana, kwa nini hukuniambia ni mnada?"

"Nilikuambia kuna mbuzi anauzwa halafu anarudi, mama," mhasibu akasema. "Ukanifukuza ofisini."

"Kwa hayo maneno hata mchungaji angekufukuza! Nenda ukaandike maelezo, ni mchango, si mauzo. Nisaini sasa hivi, kabla hawajafika kwenye waridi."

Kijana alikimbia. Sijawahi kuona mhasibu akikimbia, na nilifurahi kuliko siku ya mnada. Alirudi na karatasi, meneja akaisaini juu ya mlango wa kenta, mkono mmoja kalamu na mwingine umemshika mbuzi wangu wa kahawia pembe. Basi nikabaki bila mkosaji. Nikamtafuta nikamtafuta. Mwisho nimemwandika aliyetengeneza ule mfumo na kusahau kuuwekea mahali pa kuandika "narudisha". Yeye yupo mahali, kakaa kwenye kiti kizuri, na ajitambue.

Mhasibu nilimwomba radhi kwa lile neno la bwana wa bima. Akasema, "Haya yamekwisha, yeyo." Yeyo, sio mama yangu.

Mbuzi mweupe meneja aliuliza ni wa nani sasa, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu refu. Mimi nilisema sipokei nilichotoa. Wakapewa vijana wa bodaboda kwa kuwa walikuwa wa mwisho kulipa, na Jumamosi hiyo supu ilinukia mpaka zahanati.

Lakini hela ilikuwa bado. Saini ni saini na hela ni hela, hilo mtu hahitaji shule kulijua. Siku zile za mwisho za mwezi wa sita nilikuwa naamkia maktaba, nakaa, kitabu kiko wazi na sisomi. Mkutubi alikuwa ameanza kupanga vitu vyake kwenye boksi, akijifanya anafuta vumbi. Mangi alikuwa anafunga duka kila baada ya wateja wawili watatu anakuja kuchungulia.

Siku ya kufunga hesabu, jua limekwisha kupinda, simu ya mkutubi ililia ujumbe. Aliutazama, akakaa chini. Halafu akaninyooshea simu.

"Soma wewe, yeyo."

Ujumbe wa benki ni mrefu, una namba na vifupisho na maneno ambayo hakuna mtu anayezaliwa nayo. Nikaweka kidole. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kina mama wa kwaya, wale wa bodaboda, mzee wa kanisa.

"Mpendwa... mteja..."

"Imeingia au haijaingia?" Mangi akapiga kelele.

"Tulia. Akaunti... yako... ime..."

"Yeyo, ruka! Angalia mwisho tu!"

"Mangi, mimi niliwahi kuruka karatasi nzima nikaweka dole. Hii nasoma yote."

Wakasogea karibu. Nikasoma jina la chumba chetu, nikasoma tarehe, nikasoma kwamba ni fedha za uendeshaji kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, hawa watu hawajui kutoa mara moja mambo yakaisha. Mwakani tutatafuta mbuzi mwingine. Nikasoma kiasi, tarakimu moja moja, nikarudia nisije nikapitiwa na sifuri. Mkutubi alikuwa amekwisha kuanza kutoa vitu vyake kwenye boksi.

"Imeingia," nikasema nilipofika kwenye nukta, na si kabla ya hapo.